Udi katika Chumba cha Mizani

Watu wengi wa Tanga wakiona nyumba ina mashine zinazowaka taa na mtu aliyevaa koti jeupe, wanasema hiyo ni maabara, basi. Sabra binti Miraji naye alidhani hivyo siku alipoajiriwa pale Chumbageni, kwenye jengo la rangi iliyochubuka ambako watu huleta maji ya visima vyao kwenye chupa za soda na udongo wa mashamba yao kwenye mifuko ya rambo. Alipima, akaandika jibu, mteja akaondoka nalo. Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Miaka ikapita, Sabra akaolewa, mvi zikaanza kumchungulia kwenye paji la uso, na bado hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza kwanza alikuwa wakili wa mwenye tanuri la chokaa, na aliuliza mbele za watu.

Sabra alikuwa ameolewa Kwamkonge, kitongoji kidogo nje ya mji, na mume wake aliitwa Nasri. Nasri alikuwa fundi cherehani mwenye maneno mengi na mkono mwepesi, aliyeweza kukukatia gauni huku anakusimulia habari za mtaa mzima. Waliishi na mama yake, Bi Mwatima, Mpemba aliyeletwa Tanga na ndoa akiwa kigori na ambaye hakuacha Upemba wake hata chembe. Bi Mwatima alikuwa mpishi wa udi. Udi wake aliupika mwenyewe kwa sukari, sandali, marashi na unga kidogo wa karafuu ambao hakumwambia mtu kiasi chake, na hakuna arusi ya maana upande ule iliyofanyika bila chetezo chake kupita chumbani kwa bibi arusi. Nasri na Sabra hawakujaliwa mtoto. Walikuwa watatu tu katika nyumba ile, na walipendana kwa kelele.

Kwamkonge ilikuwa na matanuri ya chokaa tangu zamani, madogo, ya kuni, na watu waliyazoea. Nasri mwenyewe alipakia chokaa pale ujanani kabla hajajua kushona. Kisha akaja tajiri mmoja, akajenga tanuri kubwa na kinu cha kusagia, na tangu hapo kitongoji kikawa cheupe. Mipera ikawa myeupe, mapaa yakawa meupe, nguo ukizianua kambani unazikung'uta kwanza ndipo uzikunje. Nasri akaanza kukohoa kikohozi kikavu kisichokwisha. Daktari akamwambia mapafu yake yamechakaa, na kwamba kama anajipenda aondoke penye vumbi.

Alijaribu. Alihamia kwa shemeji yake mjini, akakaa siku chache, akarudi. Mama yake hakutaka kuliacha kaburi la mumewe, na Nasri hakuweza kulala akijua mama anavuta vumbi lile peke yake. Sabra aliwaambia wote wawili kwamba ukaidi wao utawaua, akalia, akachoka, akakaa. Ukaidi wa nyumba ile ulikuwa wa kurithi, na yeye mwenyewe ulikuwa umeshamwambukiza.

Wakazi wakapeleka malalamiko halmashauri, Nasri akiwa msemaji wao. Sabra akaona hapa ndipo kazi yake itakapomfaa. Akachukua mashine ya kunyonya hewa kutoka maabara, akaiweka barazani kwa Bi Mwatima. Kazi ya mashine ile ni rahisi kueleza: inavuta hewa ipite kwenye kichujio chembamba kama karatasi ya sigara, vumbi linabaki juu yake. Unakipima kichujio kabla, unakipima baada, kilichozidi ndicho watu wanachovuta. Kilichozidi kilikuwa kingi mno. Nasri akaenda na karatasi ya majibu kwenye kikao cha halmashauri, kifua mbele.

Wakili wa tajiri hakubisha hata kidogo. Aliisoma karatasi kwa heshima, kisha akauliza kama maabara hiyo ina ithibati, yaani cheti cha kuthibitisha kwamba vipimo vyake vinaaminika. Mathew, meneja wa maabara, Mbondei wa Muheza na mtu mwema kupita kiasi, akababaika. Wakili akauliza tena, kwa upole uleule, aliyepima vichujio ni nani. Mtu mmoja nyuma akasema ni mke wa mlalamikaji, na ukumbi ukaangua kicheko. Kikao kiliahirishwa, na wakazi wakaambiwa walete vipimo kutoka maabara yenye ithibati au malalamiko yafutwe. Maabara nyingine yenye ithibati ya kupima vumbi ilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko subira ya kikao.

Sabra alirudi nyumbani na aibu ambayo hakujua aitue wapi. Nasri hakumlaumu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia jambo ambalo alilishika.

"Yule wakili ana haki," alisema. "Hata mimi nisingekubali. Nataka karatasi ambayo akiigeuza juu chini hapati pa kushika."

Basi wakaanza kuitafuta hiyo ithibati, na hapo ndipo Sabra alipojua kwamba miaka yote ile alikuwa akipima lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa. Ithibati haitolewi kwa kuwa na mashine. Anakuja mtu wa nje, asiyekujua wala kukuonea haya, anakuuliza: mizani yako nani aliipima? Na huyo aliyeipima, yeye nani alimpima? Kipimajoto chako unajuaje hakidanganyi? Ukiumwa leo, mwenzako akifuata uliyoyaandika atapata jibu lako lilelile? Mathew aliyejua kila kitu kwa kichwa ikabidi aketi aandike kila hatua ya kila kipimo, akawa anaguna kama anayeandika wosia. Mawe ya mizani yalifungwa vizuri yakapelekwa kupimwa. Zililetwa sampuli za siri kutoka ng'ambo, ambazo walioziandaa walijua majibu yake na wao hawakuyajua, na maabara ikapaswa kujibu bila kuuliza jirani. Siku majibu ya maji yaliporudi yakiwa sahihi, Sabra alinunua halua ya ofisi nzima. Na lile la mke wa mlalamikaji nalo likawekwa sawa: kanuni ikaandikwa kwamba mtu hapimi jambo linalomhusu, na vichujio vya Kwamkonge vingepimwa na Mathew.

Chumba cha mizani ndicho kilichokuwa roho ya kazi ya vumbi. Walikiziba madirisha, wakaweka mashine ya kukausha hewa, na vichujio vikawa vinalazwa wazi kwenye sinia ili vizoee hewa ya chumba kabla ya kupimwa. Miongoni mwao vilikuwapo vichujio vitupu, ambavyo havijawahi kutoka nje ya mlango ule. Kazi yao ilikuwa kukaa tu na kubaki na uzito uleule. Kimoja kikizidi, maana yake chumba kimeingiliwa na kitu, na hakuna kipimo cha siku hiyo kinachoaminika.

Nasri alikuwa akiyafuatilia yote hayo kama watu wanavyofuatilia mpira. Kila jioni Sabra alipofika alitaka kujua wamefika wapi, mizani imerudi, wakaguzi wameandika nini. Alikuwa amekonda, cherehani alikikanyaga kwa vituo. Wakaguzi walipotaja siku ya kuja, alimshonea mke wake koti jipya jeupe, akalitia mifuko miwili na jina lake kwa uzi wa bluu. Kikao nacho, baada ya wakazi kubembeleza sana, kilikuwa kimesogezwa mbele kuisubiri ithibati hiyo, na ilisemwa hakitasogezwa tena. Ikipatikana, Mathew angeipeleka mashine Kwamkonge wiki hiyohiyo. Ikikosekana, basi tena.

Siku moja kabla ya ukaguzi, mchana, Sabra alitoka na gari la ofisi kwenda kumpokea mkaguzi mkuu na kumfikisha hotelini. Ndipo Bi Mwatima alipofika Chumbageni na kikapu chake.

Alikuja kwa mapenzi. Hili lisemwe wazi, kwa sababu katika mambo yote haya halikuwepo jambo safi zaidi ya moyo wa yule bibi siku ile. Mkwewe anapata wageni wakubwa, wageni wenye kushika riziki ya nyumba na pumzi ya mwanawe, na chumba watakachoingia hakijafukizwa? Kwao nani angefanya hivyo? Mathew akampa shikamoo, akampokea kikapu, akamwonyesha njia. Bi Mwatima akauliza chumba hasa cha Sabra ni kipi. Akaonyeshwa. Akaweka kaa la moto kwenye chetezo, akatia udi, akaingia, akafunga mlango nyuma yake kama anavyofanya chumbani kwa bibi arusi, ili moshi usipotee bure.

Mathew alisimama ukumbini. Yeye ndiye aliyeandika kwa mkono wake nani anaruhusiwa kuingia chumba kile. Lakini kuandika ni jambo moja, na kumwambia mama mtu mzima, aliyetoka kwake na udi wake, kwamba rudi na chetezo chako, ni jambo jingine, na katika mji huu hakuna aliyelelewa akaweza. Alijipa moyo kwamba moshi utaisha. Bi Mwatima alitoka anatabasamu, machozi ya moshi yanamtoka, akaaga, akaondoka.

Asubuhi Sabra alifungua mlango wa chumba cha mizani na harufu ya nyumbani kwake ikamkumba usoni. Hakuhitaji kuuliza ni udi wa nani, karafuu ile aliijua. Alivaa koti lake jipya, akachukua kichujio kitupu, akakipima. Kilikuwa kimezidi. Akachukua kingine, nacho kimezidi. Alivipima vyote, tena na tena, mpaka Mathew akaja akasimama mlangoni na kumweleza.

"Ningemwambiaje mama yule, Sabra?" aliuliza.

Hata Sabra asingeweza kumwambia.

Kabatini kulikuwa na boksi la vichujio vipya. Mathew alilitazama, kisha akamtazama yeye, akasema kwa sauti ya chini kwamba wanaweza kuvitoa vipya sasa hivi, wavipime, wavilaze kwenye sinia kana kwamba ndivyo vilevile vya mwanzo, wafungue mlango na kuwasha feni. Mgeni atasikia harufu tu, na harufu haina uzito. Sabra aliweka mkono juu ya boksi. Alimfikiria Nasri anavyoketi kitandani alfajiri, mikono imeshika magoti, anatafuta hewa. Kwa ajili ya mtu yule angeiba, angesema uongo mbele ya msahafu. Lakini aliyetaka karatasi isiyokuwa na pa kushika alikuwa ni yeye Nasri, na kama Sabra angefanya hivi pangekuwepo pa kushika, hata kama wakili asingepaona. Akauondoa mkono.

Mkaguzi mkuu aliitwa Anjela, mwanamke mtaratibu wa sauti ndogo. Sabra alimwambia kabla hajauliza: chumba kilifukizwa udi jana, vichujio vitupu vimezidi, vipimo hivi hapa. Anjela alisoma, akavuta pumzi ndani ya kile chumba.

"Ungeweza kuninyamazia," alisema.

"Ningeweza."

"Mimi lakini siwezi kukunyamazia."

Maji yalikwenda vizuri. Udongo ulikwenda vizuri. Wakaguzi walimtazama Sabra akifanya kazi mpaka jioni na hawakumkuta na kosa. Walipomaliza, Anjela alisema atapendekeza ithibati ya maji na udongo, ila ya vumbi isubiri: maabara irekebishe mambo ya chumba kile, ioneshe kwa miezi kwamba vichujio vitupu havibadiliki, ndipo waje tena. Hapo ujasiri wa Sabra ukamwisha. Alimfuata ukumbini akamwomba. Alimweleza habari za Kwamkonge, za kikao, za mume wake, akamshika mkono mtu ambaye juzi hakumjua. Anjela alimsikiliza macho yakiwa chini mpaka mwisho, akamwambia pole, na akasema haiwezekani. Sabra alijua haiwezekani. Kama ingewezekana, ithibati yenyewe isingekuwa na maana yoyote, na hilo lilimuuma zaidi.

Nasri alikuwa barazani, ameswali Alasiri, anamngoja. Aliuliza kabla Sabra hajavua viatu. Akamwambia maji yamepita, udongo umepita.

"Na vumbi?"

"Moshi uliingia chumbani," Sabra alisema.

Nasri akamvuta mkono, akaileta kwenye pua yake ile mikono ya koti aliyoishona mwenyewe. Akanusa. Aliinama akabaki vile muda mrefu, na Sabra akaona mabega yake yanatikisika, hakujua ni kikohozi au ni nini.

"Mama asijue," Nasri akasema. "Sabra, niahidi. Mama asijue kabisa."

Akaahidi. Bi Mwatima akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, uso umechangamka, akataka kujua wageni walisemaje, na je, harufu waliisikia? Sabra akamwambia waliisikia. Bi Mwatima akacheka kwa furaha, akarudi jikoni kupakua.

Malalamiko yakafutwa. Kinu kikaendelea kusaga. Upepo wa kaskazi ulipoanza, vumbi lote likawa linakuja upande wa nyumba, na Nasri akaacha kushona. Je, angepona kama tanuri lingezimwa? Daktari hakusema. Alisema tu kwamba mapafu yale yalianza kuharibika zamani, na kwamba vumbi halikumsaidia. Sabra aliishi na jibu hilo ambalo halikuwa jibu, yeye aliyezoea kupima kitu akajua kimezidi kwa kiasi gani. Alikuwa amesema kweli, na kweli ile ilimgharimu mumewe, au haikumgharimu. Hakuna mizani ya kumwambia. Alimpenda sana mtu yule, na siku alipofariki, asubuhi, hospitali, akiwa ameshika kidole kimoja tu cha mkewe kwa sababu mkono mzima ulimzidi uzito, Sabra alitamani angelifungua lile boksi la vichujio.

Sanda ilifukizwa na Bi Mwatima mwenyewe. Wanawake wenzake walitaka kumpokea chetezo, akakataa, akasema mwanawe atamfukiza yeye. Sabra alikuwa chumba cha pili, amefunikwa kanga. Harufu ya karafuu ikapita chini ya mlango ikamfikia. Alilia kilio ambacho waliomsikia walidhani ni cha mjane kama wajane wengine.

Eda aliikaa Kwamkonge, bila udi wala marashi kama inavyompasa mjane, na Bi Mwatima kwa kumhurumia akaacha kupika udi muda wote ule, hata wenye arusi walipokuja kubembeleza. Wanawake wawili ndani ya nyumba isiyonukia kitu. Sabra alipotoka eda alirudi kazini. Mathew alikuwa amebadilisha kitasa cha chumba cha mizani na kuandika kanuni mpya inayokataza manukato, moshi na udi, ikitaja udi kwa jina. Huenda hakuna maabara nyingine duniani iliyouandika. Alimwonyesha Sabra huku macho yake yanamkwepa. Tangu siku ile ya udi hakuwahi kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Vichujio vitupu vikakaa vimetulia mwezi baada ya mwezi. Anjela akarudi, akapima, akaridhika, na vumbi likaingizwa kwenye ithibati. Mathew akapeleka mashine Kwamkonge, akapima mwenyewe, jibu likawa baya kama lilivyokuwa mwanzo. Wakazi wakafungua malalamiko upya. Wakili aliigeuza ile karatasi juu chini, akairudisha mezani. Kinu kikasimamishwa mpaka kifungiwe mitambo ya kuzuia vumbi, na mvua za masika zilipokuja zikaiosha mipera ikaonekana kijani tena.

Jioni moja Sabra alirudi akamkuta Bi Mwatima barazani, chetezo mapajani, hakina moto. Alikuwa anakisugua majivu kwa ncha ya kanga. Alimkaribisha, akamuuliza kama ni kweli kwamba karatasi iliyosimamisha kinu ni ileile waliyoikosa mwanzo. Sabra akasema ndiyo, ni ileile.

"Na safari hii hakukufukizwa kitu."

"Hakukufukizwa, mama."

Bi Mwatima akaendelea kusugua. Alisugua mahali pamoja tu, palipokwisha kung'aa.

"Mimi najua kosa langu," akasema. "Udi ukishatiwa hauachwi nusu, na mimi siku ile nliharakisha. Nliona moshi umejaa nkatoka, macho yananiwasha. Ningelikaa kidogo zaidi. Pengine sikufukiza vya kutosha, mwanangu, ndo maana Nasri akatutoka."

Sabra aliketi chini karibu na miguu yake. Alikuwa na kweli nzima mdomoni, na alikuwa mtu wa kweli, Tanga nzima sasa ilikuwa na cheti cha kuthibitisha hivyo. Akamshika mikono yenye majivu.

"Ulifukiza vya kutosha, mama."

Bi Mwatima alitikisa kichwa. Hakuamini.